Kiwanja cha Gofu cha St Andrews

Leo twapenda kuwaeleza habari za kiwanja kimoja cha mchezo kilichoko Scotland, ambacho watu hutoka pande zote za dunia kwenda kukiona. Kiko katika mji wa St Andrews, pwani ya mashariki ya nchi ile. Mchezo wenyewe ni gofu. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo, akaufuata, akaupiga tena, hata uingie katika shimo dogo lililo mbali. Naye aufikishaye kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Wengi hudhani kwamba kiwanja chenye sifa kubwa namna hii hakina budi kuwa mali ya matajiri. Sivyo. Ardhi ile ni ya watu wote wa mji, nao nusura waipoteze.

Ni ardhi ya mchanga, kati ya mji na bahari, isiyofaa sana kulimwa. Tangu zamani watu walilisha wanyama wao pale, wakaanika nguo, wakacheza. Mchezo wa gofu ulipendwa mno katika nchi ile hata mwaka 1457, zamani za Mfalme James wa Pili, Bunge la Scotland likaukataza pamoja na mpira wa miguu, ili watu wajizoeze kupiga mishale kwa ajili ya vita. Amri haikufaa kitu. Na mwaka 1502 Mfalme James wa Nne mwenyewe alinunua fimbo za gofu.

Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alipewa ruhusa na mji kufuga sungura katika ardhi ile. Katika hati yake alikiri kwamba watu wa mji wana haki ya kucheza pale gofu na michezo mingine, na kulisha wanyama wao. Hati hiyo ikawekwa.

Mchezo ukaendelea. Mwaka 1764 wachezaji walipunguza mashimo, yakawa 18 badala ya 22, na baadaye hesabu hiyo ya 18 ikafuatwa duniani kote.

Kisha taabu ikaja. Mwaka 1797 baraza la mji lilielemewa na madeni, likaiuza ardhi. Wafanya biashara walioipata wakajaza sungura, ili wauze nyama na ngozi zao. Sungura wakala majani, wakachimba mashimo kila mahali, na kiwanja kikaanza kuharibika. Watu wa mji hawakukubali. Walidai haki yao ya tangu zamani, wakawaua sungura, wakapelekana mahakamani na wenye sungura. Ugomvi huo ulidumu miaka ipatayo 20, hata mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba jirani na mpenda gofu, akainunua ardhi ile na kuiokoa.

Mwaka huo huo alizaliwa mjini Tom Morris, mwana wa mfumaji. Alishinda mashindano makubwa ya Uingereza mara nne, akawa mtunzaji wa kiwanja hicho kwa miaka karibu 40. Hata leo jina lake hutajwa kwa heshima.

Mwisho, mwaka 1894, Bunge lilipitisha sheria, na mji ukainunua tena ardhi yake. Tangu mwaka 1974 amana iliyowekwa kwa sheria ndiyo iitunzayo kwa niaba ya watu. Chama mashuhuri cha wachezaji, kilichoanzishwa mwaka 1754, kina nyumba yake kando ya kiwanja, lakini kiwanja si mali yake. Mgeni ajuaye mchezo, ajapokuwa si mwanachama wa chama hicho, aweza kuomba nafasi, na nyingine hutolewa kwa kura. Na siku ya Jumapili kwa desturi hapachezwi. Wazee na watoto hutembea juu ya majani yale yale yaliyokanyagwa na mabingwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa St Andrews walikuwa na daftari, yaani hati ya mwaka 1552. Hata hivyo ardhi yao iliuzwa. Hati haikuzuia mauzo, ila iliwapa watu neno la kusema mbele ya hakimu; na kama wangalinyamaza wao, hati nayo ingalinyamaza sandukuni.