Mpaka Ulifungwa, Mnyororo Haukuungwa

Tarehe 4 Februari 1977 serikali ya Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikikata roho, na shirika lake la ndege lilikuwa limeanguka. Magari na ndege ndogo za kampuni za utalii za Kenya zilizokutwa upande wa pili zilizuiliwa. Wengi hulikumbuka tukio hilo kama ugomvi kati ya ujamaa na ubepari. Lakini lilikuwa pia jaribio la kuitwaa upya biashara ya utalii, na kushindwa kwake kuna mafunzo mengi kuliko ugomvi wenyewe.

Tutazame mpangilio uliokuwapo. Mtalii wa Ulaya aliilipia safari yake kwao, kwa wakala. Wakala alifanya kazi na kampuni ya Nairobi. Kampuni hiyo ilimpokea mgeni uwanjani Embakasi, ikampa gari na dereva, ikamvusha mpaka kwenda Serengeti na Ngorongoro kwa siku chache, kisha ikamrudisha Nairobi kupanda ndege. Tanzania ilimiliki wanyama. Nairobi ilimiliki ratiba. Na katika utalii mwenye ratiba ndiye mwenye fedha, kwa kuwa ndiye anayeamua mgeni alale wapi, ale nini na anunue kwa nani.

Unyonge huo ulijulikana mapema. Mwaka 1969 liliundwa Shirika la Utalii, na serikali ikajenga hoteli kubwa mbugani na pwani. Mwaka 1971 ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ili mgeni atue karibu na mbuga bila kupitia Nairobi. Wakati huohuo vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala magazetini mwaka 1970, wakihoji kama utalii unaotegemea mitaji na mawakala wa nje unaweza kujenga ujamaa. Mjadala huo ulitolewa kuwa kitabu mwaka 1973, kikihaririwa na Issa Shivji.

Mpaka ulipofungwa, matarajio yalikuwa kwamba mgeni angelazimika kuja moja kwa moja. Hakuja. Mawakala wa Ulaya waliendelea kuiuza Kenya: badala ya Serengeti wakauza Maasai Mara, na baada ya mbuga wakauza fukwe za Mombasa. Kwa Tanzania, uwanja wa ndege ulikuwapo, vitanda vilikuwapo, hata shirika jipya la ndege liliundwa mwaka huohuo. Kilichokosekana ni kiungo cha kuvifunga pamoja. Kisha vikaja vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, na magari yakakosa vipuri na mafuta. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983.

Ugomvi wa nani ashike kiungo gani haukwisha. Makubaliano ya mwaka 1985 yalijaribu kupanga magari ya nchi moja yafike wapi katika nchi nyingine. Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya utalii ya Tanzania kuchukua wageni katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Tanzania nayo ikapunguza safari za Kenya Airways. Ilibidi marais Kikwete na Kenyatta wakutane Machi 2015 ndipo hatua hizo ziondolewe.

Kwa mtumishi wa umma anayeandika sera leo, idadi ya wageni waliopita mpakani ni kipimo hafifu. Aulize ratiba inatungwa wapi na malipo yanapokelewa wapi. Aulize kama jiko la hoteli linanunua mboga za mkulima jirani, kwa mkataba gani, na kama mkulima huyo analipwa kwa wakati. Mambo hayo hayapatikani kwa kufunga lango. Yanataka viwango vinavyofahamika, taarifa zinazofika kwa wote, na kuaminiana kunakojengwa kwa miaka. Mwaka 1977 tulikata kamba iliyotubana kabla hatujasuka yetu.