Mahitaji ya Chipu na Bei ya Hisa: Uhusiano Usionyooka

Mwaka wa fedha wa 2023 uliiendea vibaya Micron, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kumbukumbu. Mapato yake yaliporomoka kutoka dola bilioni 30.8 hadi bilioni 15.5, na hasara ikafika dola bilioni 5.8. Hata hivyo, kati ya Januari na Desemba 2023 hisa zake zilipanda kwa zaidi ya theluthi mbili. Anayeshikilia kwamba bei ya hisa hufuata mauzo ana kazi ya kueleza hilo.

Nashikilia kwamba soko la hisa halipimi wingi wa mahitaji. Hupima pengo kati ya mahitaji yajayo na yale ambayo bei ya leo imekwisha kuyahesabu. Na kwa chipu za kumbukumbu, pengo hilo huamuliwa na ugavi zaidi kuliko na mahitaji yenyewe.

Chanzo ni kiwanda. Kukijenga hugharimu mabilioni ya dola, na hupita miaka miwili au mitatu kabla hakijazalisha kwa wingi. Kikishasimama, fedha nyingi zimekwisha kuzama humo, hivyo mwenyewe huona heri auze kwa bei ya kutupa kuliko kuzima mitambo. Wanunuzi nao huchochea moto. Chipu zilipoadimika mwaka 2021, wengi waliagiza zaidi ya walivyohitaji. Zilipojaa maghalani mwaka uliofuata, wakapunguza oda na kula akiba. Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa jambo hili: miche hupandwa bei ikiwa juu, na mavuno huja wakati majirani wote nao wanachuma.

Ndiyo maana tarehe 7 Aprili 2023 ina uzito. Siku hiyo Samsung ilitoa makadirio kwamba faida yake ya uendeshaji katika robo ya kwanza imeanguka kwa takriban asilimia 96, na papo hapo ikasema itapunguza uzalishaji wa chipu za kumbukumbu. Hisa zake zilipanda kwa zaidi ya asilimia 4. Hakuna mteja mpya aliyekuwa amejitokeza. Lakini Samsung, SK Hynix na Micron kwa pamoja hushika zaidi ya asilimia 90 ya soko la DRAM, aina kuu ya chipu za kumbukumbu, na mkubwa wao akikaza mkono, bei haina budi kusikia.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2018. Micron ilitangaza faida ya dola 11.51 kwa kila hisa, huku hisa yenyewe ikiuzwa chini ya dola 50. Uwiano wa bei kwa faida ulikuwa kama nne tu. Kwa benki au kiwanda cha saruji tungesema ni bei ya bure. Kumbe hisa ilikwisha kufika kilele miezi michache kabla, na mwishoni mwa Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 30. Katika sekta hii uwiano mdogo mara nyingi ni onyo, kwa sababu faida iliyomo ndani yake ni ya kileleni.

Wapo wanaodai kwamba akili mnemba imeumaliza mzunguko huu wa uhaba na ziada. Dai hilo lina ushawishi, ila linasahau kwamba sehemu kubwa ya chipu za Nvidia, zinazoendesha akili mnemba hiyo, hununuliwa na kampuni chache tu, zikiwemo Microsoft na Meta, ambazo bajeti zake za mitaji zinaweza kupunguzwa kwa kikao kimoja. Tarehe 27 Januari 2025 hisa za Nvidia zilianguka kwa asilimia 17 baada ya DeepSeek ya China kudai kwamba imefunza modeli yake kwa chipu chache. Mauzo ya Nvidia hayakuwa yameguswa: mwezi mmoja baadaye ilitangaza mapato ya robo mwaka ya dola bilioni 39.3, ongezeko la asilimia 78. Kesho yake hisa zikashuka tena, safari hii kwa zaidi ya asilimia 8.