Mto Umba na Mpaka Wake

Katika mito ya nchi yetu ya Tanga husifiwa sana ule wa Pangani, kwa ukubwa wake, na ule wa Zigi, kwa kuwa ndio uwanyweshao watu wa mji wa Tanga. Mto Umba, ulio kaskazini ya Maramba, hautajwi sana. Walakini twadhani hapana mwingine huku kwetu ulioandikwa mara nyingi vile katika mapatano ya wakubwa wa Ulaya, na kufuatwa kidogo vile.

Chimbuko lake ni katika msitu wa Shagayu, juu ya milima ya Usambara ya magharibi, nchi ya Wasambaa, penye baridi na ukungu. Hushuka upande wa kaskazini hata nyanda za Mng'aro, kisha hushika njia ya mashariki katika nyika. Huko mvua ni haba na miti ni ya miiba, na wakati wa kiangazi maji yake hupungua sana. Hupita Mwakijembe, huingia Kenya, hupita karibu na Lunga Lunga, hata humwaga maji yake baharini penye mikoko ya Vanga. Mwendo wote ni kama kilomita 200.

Sasa tutazame habari za mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi waligawana bara iliyo nyuma ya pwani ya Sultani wa Unguja. Wakaandika kwamba mstari uanze kinywani mwa mto Umba, uende moja kwa moja hata ziwa Jipe. Yaani kwa rula juu ya karatasi. Mwaka 1890 waliandika tena, kwamba uanze ukingo wa kaskazini wa kinywa hicho. Na mwaka 1893 mwanzo ukawekwa Ras Jimbo, kusini ya Vanga. Basi kinywa cha mto kikawa cha Waingereza, na chimbuko likawa la Wadachi. Wadigo na Wasegeju, waliokuwa wakilima na kuoana pande zote mbili, hatujasikia kwamba waliulizwa.

Nguvu za mstari huo zilionekana upesi. Mwaka 1896 Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyekuwa akipigana na Waingereza, aliuvuka pamoja na watu wake, akajitia mikononi mwa Wadachi. Tena mwezi wa Januari 1915, huko Jasin, karibu na mpaka, askari wa Kihindi wa jeshi la Waingereza walizingirwa na von Lettow-Vorbeck muda wa siku mbili, hata wakajitoa. Naye mshindi alipoteza maofisa na risasi nyingi mno, asitake tena vita vya namna ile.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na Kenya mwaka 1963. Mstari ukabaki ule ule. Mvua kubwa zikinyesha Usambara, maji hufurika Vanga; na miti ikikatwa mlimani, udongo hushuka mpaka mikokoni. Mvuvi wa Vanga aonapo maji yamekuwa mekundu, hana jumbe wa kumpelekea mashtaka, maana mwenye shoka yu katika nchi nyingine.