Wawili Upande Mmoja wa Wavu

Labda wadhani, msomaji, kwamba katika tenisi mtu hupimwa kwa mkono wake tu. Basi sikiliza habari za Wimbledon, Uingereza, mwaka 1956. Althea Gibson alikuwa Mmarekani, binti wa wakulima wa pamba, naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kukubaliwa katika mashindano makuu ya tenisi ya taifa lake, mwaka 1950. Angela Buxton, Mwingereza, alikuwa amenyimwa uanachama wa klabu kwa sababu ya Uyahudi wake. Wote wawili walikuwa hawana mwenzi wa kucheza naye, wakapatana. Walishinda kwanza Ufaransa, kisha Wimbledon, wakawafunga Fay Muller na Daphne Seeney wa Australia 6–1, 8–6. Siku hizo seti haikwisha mpaka upande mmoja utangulie kwa michezo miwili. Hapana shaka ile ya pili iliwatoa jasho. Fedha hawakupata, maana Wimbledon ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1968. Katika miaka ya 1990 Gibson alikuwa mgonjwa, tena fukara, hana hata kodi ya nyumba. Akampigia simu Buxton. Buxton akamsaidia, akawaomba na wapenzi wa tenisi, nao wakatuma michango kutoka nchi nyingi.