Bosambo Aliyejifunza Kiswahili

Mwaka 1934, katika studio za Shepperton nje kidogo ya London, kulijengwa kijiji cha Kiafrika. Kwa kuwa kijiji hakikamiliki bila watu, weusi waliokuwa wakiishi Uingereza walikodiwa kukijaza: wacheze ngoma, washike mikuki, wapige kelele pale mwongozaji anapoinua mkono. Miongoni mwao alikuwamo Mkikuyu wa makamo aliyekuwa amekwama London, pesa hana, kodi ya chumba inamsumbua. Wakati ule alikuwa bado akijulikana kama Johnstone Kenyatta. Alipewa sehemu ya chifu, na mshahara wa kibarua.

Nyota wa picha ile alikuwa Mmarekani mweusi, pande la mtu, mwenye sauti nzito kama ngoma kuu. Huyo ndiye Paul Robeson, na jina lake ndani ya filamu lilikuwa Bosambo. Mwaka ule ule, tena katika mji ule ule, Robeson alikuwa amejiandikisha kwenye Chuo cha Taaluma za Mashariki kusoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Alishaandika hadharani kwamba anataka kuwa Mwafrika. Kwa hiyo mwongozaji Zoltan Korda alipomletea picha za ngoma na nyimbo zilizopigwa barani Afrika, zikiwamo za Waacholi wa Uganda, alishawishika. Aliamini kwamba kwa mara ya kwanza watazamaji wa Ulaya wangemwona Mwafrika mwenye utamaduni wake.

Filamu ilitoka mwaka 1935 kwa jina la Sanders of the River. Waliyoyaona watazamaji yalikuwa mengine. Sanders, mkuu wa wilaya Mwingereza, anaondoka kidogo tu kwenda likizo na watu wa mtoni wanaanza kuchinjana. Anarudi, amani nayo inarudi. Bosambo ni chifu kwa hisani ya mzungu huyo. Robeson alikuja kulalamika kwamba sifa hizo za ukoloni zilichomekwa siku za mwisho kabisa za kupiga picha, yeye akiwa ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Hakuisamehe filamu ile mpaka anakufa.

Mimi sidhani kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa mtu wa jukwaani, na jukwaani ukishatoka mbele ya watu hakuna wa kukukata. Kwenye sinema, mwigizaji anauza sura na sauti, kisha mtu mwingine anachukua mkasi. Maisha yake yote yaliyofuata ni ugomvi wa mkasi huo.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 huko Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake alitoroka utumwani North Carolina akiwa kijana, akasoma, akawa mchungaji. Mama yake alikufa kwa kuungua moto Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, mweusi wa tatu tu kuingia chuoni hapo, akatoka mwaka 1919 akiwa bingwa wa kandanda ya Kimarekani na mwanafunzi aliyechaguliwa kuhutubia mahafali. Akasomea sheria Columbia. Uwakili wenyewe haukudumu. Katika ofisi alikoajiriwa, katibu mzungu alikataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaenda zake.

Kilichompokea ni ukumbi mdogo wa Greenwich Village, New York, ambako mwandishi Eugene O'Neill alikuwa akitafuta mwigizaji. Mwaka 1924 walimpa nafasi ya mume mweusi wa mke mzungu katika All God's Chillun Got Wings. Kabla hata pazia halijafunguliwa magazeti yalishachafuka, maana ilijulikana kwamba mke atambusu mumewe mkono. Vitisho vya Ku Klux Klan vikaja kwa posta. Utawala wa jiji haukuthubutu kuipiga marufuku tamthilia nzima, ila ulikataa kutoa kibali cha watoto waliopaswa kucheza onyesho la kwanza, watoto weusi na weupe wakicheza pamoja barabarani. Basi usiku wa ufunguzi mwongozaji alisimama mbele ya watu na kulisoma onyesho hilo kwa sauti, kisha waigizaji wakaendelea. Serikali ilikata, jukwaa likaunga.

Miaka iliyofuata makao yake yakawa London. Mwaka 1928 aliimba Ol' Man River kwenye ukumbi wa Drury Lane katika Show Boat, na mji mzima ukaujua wimbo huo. Lakini umaarufu ni kitu kimoja, meza ya chakula ni kitu kingine: mwaka 1929 mgahawa wa hoteli ya Savoy ulikataa kumhudumia kwa sababu ya rangi yake. Miezi michache baadaye, Mei 1930, alikuwa juu ya jukwaa la ukumbi wa Savoy uliopakana na hoteli hiyo, akiigiza Othello, jemadari mweusi wa Venisi, huku Desdemona akiwa Peggy Ashcroft, binti wa miaka 22. Kabla yake mweusi aliyewahi kutikisa London kwa nafasi hiyo alikuwa Ira Aldridge, karibu miaka mia moja nyuma. Binti yake Aldridge, Amanda, alikuwa bado hai na akifundisha kuimba; alimsaidia Robeson kunoa usemaji wake na akamkabidhi hereni za dhahabu ambazo baba yake alizivaa alipokuwa Othello.

Baada ya Sanders alikuwa mwangalifu zaidi. Alipokubali kucheza Song of Freedom mwaka 1936, mkataba ulimpa haki ya kuidhinisha picha baada ya kuhaririwa. Haki hiyo hata waigizaji weupe wachache sana walikuwa nayo. Filamu aliyoipenda kweli ilikuja mwaka 1940, The Proud Valley, ambamo ni mchimba makaa ya mawe katikati ya wachimbaji wa Wales. Lakini mwaka 1942 Hollywood ilimteka tena. Katika Tales of Manhattan akajikuta ni mkulima fukara anayeangukiwa na pesa kutoka mbinguni na kuimba kwa furaha. Alitangaza kwamba waandamanaji wakienda kuipinga filamu hiyo, naye atajiunga nao. Hakucheza tena filamu ya hadithi.

Akarudi jukwaani. Tarehe 19 Oktoba 1943, katika ukumbi wa Shubert, Broadway iliona kwa mara ya kwanza Othello mweusi katikati ya waigizaji weupe, Uta Hagen akiwa Desdemona na José Ferrer akiwa Iago. Robeson alikuwa na miaka 45. Tamthilia ilichezwa mara 296, na hadi leo hakuna kazi ya Shakespeare iliyowahi kudumu hivyo Broadway. Walipoizungusha nchini, alikataa kupanda kwenye ukumbi wowote unaowatenga weusi na weupe. Hata Ol' Man River alishaibadilisha: maneno ya mtu aliyechoka na kukata tamaa aliyatoa, akaweka ya mtu anayepigana. Mara hii mkasi ulikuwa mkononi mwake.

Serikali ya Marekani nayo ilikuwa na mkasi wake. Robeson alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, alisema wazi kuupenda Umoja wa Kisovieti (na kuhusu maovu ya Stalin alinyamaza, jambo ambalo hata wapenzi wake wengi huona kuwa ni doa), na mwaka 1950 akanyang'anywa pasipoti. Maelezo ya serikali mahakamani yanafaa kukumbukwa na msomaji wa huku kwetu: miongoni mwa makosa yake ilitajwa kazi yake ya kutetea uhuru wa Waafrika walio chini ya ukoloni. Kumbi zikafungwa, sahani zake zikatoweka madukani. Oktoba 1952 yule chifu wa kibarua wa Shepperton alikamatwa nchini Kenya, na baadaye akapelekwa Kapenguria kushtakiwa. Watu wawili waliosimama kwenye kijiji kimoja cha bandia, ambamo mzungu ndiye mwenye amani, sasa mmoja yuko gerezani na mwingine amefungiwa nchini mwake. Baraza la Robeson lilikuwa miongoni mwa sauti chache Marekani zilizoisemea Kenya, mpaka nalo likavunjika mwaka 1955.

Mei 1957 mashabiki wake wa London walichoka kungoja. Walijaa kwenye ukumbi wa St Pancras, watu wapatao elfu moja, wakatazama jukwaa ambalo halikuwa na mwimbaji. Huko New York Robeson alisimama mbele ya kinywa cha simu. Waya mpya wa simu ulikuwa umelazwa chini ya Atlantiki mwaka mmoja tu kabla, na sauti yake ikapita humo hadi kwenye vipaza sauti vya ukumbini. Walishangilia spika.

Pasipoti ilirudi mwaka 1958, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kesi za wengine waliozuiwa kama yeye. Mwaka 1959, akiwa na miaka 61, alicheza Othello mara ya mwisho huko Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare mwenyewe. Kisha maradhi yakamweka ndani. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976, na ibada ya mazishi yake ikafanyika Harlem, katika kanisa ambalo kaka yake alikuwa mchungaji.

Sanders of the River ipo hadi leo na inaweza kutazamwa. Jina la Robeson limeandikwa kwa herufi kubwa. La Kenyatta, ambaye Desemba 1963 aliipokea Kenya kutoka kwa wenzake Sanders, halimo kwenye orodha ya waigizaji.