Wadeni, Mzee Punch na kubebana: nani alimlea mwanafunzi wa Mlimani?

Mwaka 1945 tume ya Waingereza iliyoongozwa na Jaji Cyril Asquith ilitoa ripoti kuhusu elimu ya juu katika makoloni. Moja ya mapendekezo yake lilikuwa kwamba wanafunzi wa vyuo vitakavyoanzishwa waishi chuoni. Sababu zenyewe hazikuhusu matofali. Wanafunzi wanatoka mbali, ilisema tume, na mijini hakuna nyumba za kuwafaa. Wakikaa pamoja afya yao itaangaliwa, na vijana wa makabila na dini tofauti watazoeana.

Ni hoja ya kikoloni, hilo halifichiki. Aliyetaka kumlea mwanafunzi alitaka pia kumchunga asiponyoke. Hata hivyo, bweni la chuo kikuu katika Afrika Mashariki lilianza kama mpango wa ustawi, na kitanda kilikuwa sehemu tu ya mpango huo. Ukiifuata historia ya mabweni ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unaona jinsi mpango ulivyoliwa kidogo kidogo mpaka kikabaki kitanda, halafu kitanda nacho kikaadimika.

Mfano wa kuigwa ulikuwa Makerere, Uganda. Wanawake sita wa kwanza walipokelewa huko mwaka huohuo wa 1945, na bweni la wanawake likaja kupewa jina la Mary Stuart, mke wa askofu. Mabweni ya wanaume nayo yalibeba majina makubwa: Livingstone, Northcote, Mitchell. Kila bweni lilikuwa na wadeni wake, yaani mlezi wa bweni, desturi zake na majigambo yake.

Dar es Salaam ilianza kwa unyonge zaidi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi 14 wa sheria, mmoja wao mwanamke, walianza masomo katika jengo la TANU, mtaa unaoitwa leo Lumumba. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, kwenye majengo yaliyochorwa na kampuni ya Kiingereza ya Norman & Dawbarn. Mabweni yake hayakupewa majina ya magavana wala wamisionari. Yalipewa namba: Hall One, Hall Two, Hall Three, na kuendelea. Mpaka leo mtu aliyesoma pale atakwambia kwa fahari kwamba yeye ni wa Hall fulani, na namba inamtosha kabisa.

Maisha ya mwanzo yalikuwa mazuri kupita kiasi, angalau kwa macho ya nchi iliyowazunguka wanafunzi wale. Chumba kinafagiliwa na mtumishi, chakula kinapikwa na kuandaliwa mezani, zahanati iko jirani, wadeni anakujua kwa jina. Mtoto wa mkulima aliyefika pale kutoka Kagera au Mtwara alijikuta ndani ya ulezi ambao wazazi wake wasingeweza kuuota.

Ulezi huo ndio uliomchefua Mwalimu Nyerere tarehe 22 Oktoba 1966. Siku hiyo wanafunzi waliandamana wakiwa na majoho yao kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaacha na asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400. Siku ileile alijikata pia mshahara wake kwa asilimia 20. Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha siasa, nacho ni hivyo. Lakini kiliacha pia alama kwenye mabweni. Tangu hapo, mwanafunzi aliyelalamikia chakula au chumba alikuwa na hatari ya kujibiwa kwamba anadekezwa na jasho la wakulima. Jibu hilo lilidumu miaka mingi kuliko hasira yenyewe, na liliwafaa sana wakubwa ambao hawakutaka kusikia lolote kuhusu hali ya wanafunzi.

Azimio la Musoma la 1974 likabadili hata sura za waliolala humo. Sasa mtu alitakiwa kwanza afanye kazi kabla ya kuomba nafasi chuoni, hivyo mabweni yakapokea watu wazima, wengine na ndoa zao na watoto. Mume wa watu ukimpangia chumba na kumwekea wadeni wa kumwuliza amerudi saa ngapi, mnatazamana tu. Wanawake walipungua kiasi kwamba baada ya muda mfupi waliruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka shuleni. Hapo pakawa na mchanganyiko wa hatari ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha: wasichana wachache waliotoka kidato cha sita, katikati ya wanaume wengi waliokwisha kuonja mshahara na maisha.

Katika mchanganyiko huo alistawi Mzee Punch.

Mzee Punch hakuwa mtu. Lilikuwa kundi la siri la wanafunzi wa kiume waliobandika karatasi ukutani usiku, zenye michoro na maneno ya kumwaibisha mtu aliyechaguliwa. Watetezi wake walidai kwamba alianza kama mkosoaji wa tabia mbaya, na kwamba alimgusa yeyote. Labda. Kufikia miaka ya 1980 aliowagusa zaidi walikuwa wanawake: aliyemkataa mwanamume, aliyefaulu kupita wenzake, aliyevaa alivyotaka. Ukishapanchiwa, yaani ukishabandikwa na Mzee Punch, adhabu haikuishia kwenye karatasi. Wenzako waliogopa kukaa nawe mezani au kuonekana wakitembea nawe, maana kesho ingekuwa zamu yao. Bweni lililojengwa ili watu wazoeane likawa mahali pa kumtenga mtu mmoja huku mamia wakitazama.

Jambo hili lilijulikana. Karatasi zilibandikwa mahali pa wazi, na walimu walizipita wakienda kufundisha. Wengi waliliona kama utani wa vijana, sehemu ya kukomaa.

Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanaume na kutishiwa kupanchiwa. Jina lake liliandikwa sana wakati ule, na sioni sababu ya kulirudia hapa. Kifo chake kilifanya kazi ambayo malalamiko ya miaka mingi hayakuifanya. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa na umri wa miaka mitatu tu, kililivalia njuga suala la unyanyasaji wa kijinsia chuoni na nje ya chuo. Mzee Punch akapigwa marufuku. Kampeni za TAMWA na wenzake ziliendelea hadi Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Lakini mwaka ule wa 1990 haukuwapa watu nafasi ya kutulia na kujiuliza mabweni yanamlea nani na namna gani. Mei, baada ya mgomo, Serikali ilikifunga chuo, na wanafunzi hawakurudi mpaka Januari 1991. Waliporudi walikuta zama nyingine zikibisha hodi. Sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa kwa awamu. Chini ya makamu mkuu wa chuo, Profesa Matthew Luhanga, Mlimani ilifanya mageuzi makubwa: udahili ukapanuliwa, na huduma kama za chakula zikaondolewa mikononi mwa chuo na kupewa wafanyabiashara. Mageuzi hayo yalikiokoa chuo, nadhani. Walioingia kwa sababu yake ni maelfu ambao mfumo wa zamani ungewaacha nje. Ila hesabu ya vitanda haikwenda na hesabu ya wanafunzi. Hosteli ya Mabibo, ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipunguza makali, haikuyamaliza.

Hapo ndipo wanafunzi walipojitungia ulezi wao wenyewe: kubebana. Mwenye chumba anambeba asiye na chumba. Wanalala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na wengine wanatandika godoro sakafuni. Chumba cha watu wawili kinalaza watano, pengine zaidi. Uongozi ulipiga marufuku, ukakagua usiku, ukatoza faini. Ulikuwa na sababu zake, kwani choo kilichojengwa kwa watu kumi hakiwezi kuhudumia thelathini, na moto ukizuka hakuna anayejua ndani kuna wangapi. Nami sitakusifia kubebana kwa mtu aliyewahi kusomea mtihani chini ya taa isiyozimwa, huku wenzake wakipiga soga. Lakini usiku ule mwanafunzi alipokosa kwa kwenda, aliyemfungulia mlango hakuwa wadeni wala ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Alikuwa mwenzake, aliyejua fika kwamba akikamatwa atanyang'anywa chumba. Mara nyingi huyohuyo ndiye aliyegundua kwanza kwamba fulani hali, hatoki, ana sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, na anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Juni 2016 Rais John Magufuli alikwenda Mlimani kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, akaahidi mabweni. Tarehe 15 Aprili 2017 aliyafungua: majengo 20, nafasi 3,840, kwa Sh10 bilioni, kazi ya Wakala wa Majengo iliyomalizika chini ya mwaka mmoja. Miezi michache baadaye picha za nyufa zilisambaa mitandaoni, Wakala ukaeleza kwamba ni nafasi zilizoachwa makusudi kati ya sehemu za jengo, na nchi nzima ikageuka wahandisi kwa wiki mbili. Katika ubishi wote ule kilichopimwa kilikuwa zege na bei ya kitanda. Wadeni wangapi, washauri nasaha wangapi, kwa watu 3,840? Swali hilo halikupata hata kichwa kimoja cha habari ninachokikumbuka.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya corona, mabweni yakabaki matupu hadi Juni. Katika miaka iliyofuata vyuo vya elimu ya juu nchini vilianza kuweka madawati ya jinsia, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kupeleka malalamiko ya aina ile iliyopuuzwa enzi za Mzee Punch. Ni hatua ya kweli, ingawa imechukua miaka thelathini.

Ila dawati liko chuoni, na wanafunzi wengi hawalali chuoni. Bumu, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, ambalo fungu lake la chakula na malazi lilibaki Sh8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa kabla ya kupandishwa kuwa Sh10,000, linaishia mikononi mwa wenye nyumba wa Msewe, Changanyikeni, Makongo na Sinza, kodi ya miezi sita mbele. Huko geto, yaani chumba cha kupanga, halina wadeni. Jirani anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo kingine kabisa, au fundi, au mama wa watoto watatu ambaye wiki nzima hajamwona yule binti wa chumba cha uani akitoka, na hajui ampigie nani.