Kutoka jetoni hadi lesepase: historia ya karatasi za mpaka wa Goma na Gisenyi

Kwa familia zilizo mbali na kwao, swali hili linarudi mara nyingi: nilivuka kwa karatasi ya siku chache, siku zinaisha, nyumbani bado hakurudiki, nifanye nini? Tuangalie kwanza karatasi hizo zilitoka wapi.

Mpaka wetu ulichorwa mbali. Mwaka 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana kule Brussels namna ya kugawana Kivu na majirani zake. Mstari ukapita katikati ya watu waliokuwa wanaoana na kuuziana chakula.

Tarehe 20 Septemba 1976, Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL, na mkataba ulitiwa sahihi palepale Gisenyi. Ndipo tukapata lesepase ya CEPGL. Kwa wakaaji wa jirani kukawa na jetoni, kikaratasi cha kwenda na kurudi siku ileile. Jetoni iliwafaa sana wamama wanaopita Petite Barrière na nyanya au unga kichwani. Lakini haikuwa karatasi ya kulala ng'ambo.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, watu kwa malaki walikimbilia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitufukuza tena. Anayekimbia moto hangoji muhuri. Mara zote mbili wengi walirudi baada ya siku au wiki chache.

Vita ni kitu kingine. Siku za kwenye muhuri zinaisha, vita bado. Na kanuni za mpaka nazo hubadilika: Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya corona, na Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa Petite Barrière, Kongo ikaanza kufunga saa tisa mchana. Pasipoti nayo, ile ya kibayometriki ya mwaka 2015, ilianza kwa dola 185. Ni familia ngapi zenye watoto sita zingeiweza?

Kwa hiyo, angalia muhuri wako: uliingia lini, na ulipewa siku ngapi? Ukiwa mgeni wa kutembea, omba kuongezewa muda katika ofisi ya uhamiaji ya nchi uliko kabla siku hazijaisha. Tunza risiti, na fanya kopi ya kila karatasi.

Lakini kama umekimbia vita, wewe si mtalii. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OUA) wa mwaka 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyehama kwa sababu ya mapigano au vurugu kubwa, na unakataza kumrudisha kwa nguvu mahali penye hatari. Usijifiche kwa kuogopa muhuri uliokwisha. Nenda kwa wakubwa wa eneo wanaohusika na wakimbizi, au kwa HCR, ujieleze na kuandikishwa.